Mshauri anataka vikao vyetu vihamie nje: je, hiyo ni tiba kweli?

Swali: "Mume wangu na mtoto wetu wa kiume mwenye miaka 15 hawaongei tangu mwaka jana. Wakitaka kuambiana jambo, wananituma mimi. Tumeanza tiba ya familia, lakini chumbani kwa mshauri kijana anakaa kimya akiangalia viatu vyake, na baba yake anaishia kutoa hotuba. Sasa mshauri anataka vikao vijavyo tuvifanyie nje: tutembee msituni, tufanye kazi ndogondogo pamoja, na binti yetu wa miaka 8 awepo. Mume wangu anasema hatukutoa pesa ili tukatembee. Je, hii ni tiba? Itamfanya kijana aongee? Na kuna la kufanya sisi wenyewe kati ya kikao na kikao? Binti yetu ana pumu."

Dada, ni tiba, kwa sharti moja: mshauri awe anajua anatafuta nini huko nje. Miti peke yake haimpatanishi baba na mwanawe. Lakini familia ikiinuliwa kwenye viti na kupewa njia ya kupita, mzigo wa kubeba na jambo la kuamua pamoja, uhusiano wenu unaonekana kwa vitendo, na ukishaonekana unaweza kufanyiwa kazi. Mume wako akiuliza kwa nini mlipe kwa ajili ya matembezi, mwambie mnamlipa mtu anayejua cha kutazama na anayejua wakati wa kuingilia, kama mlivyokuwa mkimlipa alipokuwa amekaa kitini.

Nianze na mwili, maana ugomvi wa nyumbani hukaa mwilini kabla haujafika mdomoni. Mtu akihisi anashambuliwa, moyo unamwenda mbio, mabega yanakaza, na masikio ni kama yameziba. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwapima wanandoa mapigo ya moyo huku wakibishana, alionyesha kwamba mtu aliyefika hapo hawezi tena kuzungumza jambo la maana. Anahitaji dakika 20 au zaidi mwili utulie. Sasa fikiria chumba cha mshauri. Hata kiwe kizuri namna gani, ni mahali pa kutazamana. Watu wazima watatu wamekaa wakimsubiri kijana wa miaka 15 aseme neno. Anaganda. Msimhesabie kiburi kwa kuangalia viatu vyake, huenda ndiyo kinga pekee aliyobaki nayo.

Kwamba mazingira ya asili hutuliza mwili, hilo halina ubishi mkubwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa mahali ambapo dirisha linatazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema, na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan wao walieleza habari ya umakini: akili inayojilazimisha kukazia jambo moja huchoka, na mtu aliyechoka hivyo hukosa subira. Majani yanayotikisika au maji yanayopita yanavuta macho bila kudai kitu chochote, na kwa muda huo ule umakini uliochoka unapumzika. Baba na kijana wenu wote wawili wanafika kikaoni wakiwa wamechoka kwa namna hiyo, mmoja kazini, mwingine shuleni.

Utafiti huo, hata hivyo, unamhusu mtu mmojammoja. Kwa familia zipo tafiti chache, nami nazithamini zaidi. Mwaka 2017 watafiti Dina Izenstark na Aaron Ebata waliwatembeza akina mama na binti zao wa miaka 10 hadi 12 katika bustani ya miti, na siku nyingine ndani ya jengo la maduka. Mwendo ulikuwa uleule, muda uleule wa dakika 20. Baada ya bustani umakini wa akina mama ulikuwa umepata nguvu, na mama na binti walikuwa karibu zaidi, wakielewana vizuri zaidi, kuliko baada ya madukani. Mwaka 2018 watafiti huko Cardiff walisikiliza mazungumzo ya wazazi na watoto wa miaka 3 na 4, ndani ya jengo na kwenye bustani ya umma. Bustanini maneno yalishikana: mmoja akisema, mwingine alijibu kile kilichosemwa badala ya kuanzisha habari yake. Ukitafakari, hilo ndilo lililokosekana kati ya mume wako na mwanao.

Sasa nije kwenye tiba yenyewe.

Salvador Minuchin, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia, hakuridhika na familia kumsimulia ugomvi wake. Alitaka iufanye mbele yake, ili aingie katikati mambo yakiwa bado moto. Kwa familia zenye binti aliyekataa kula, alikaa nao mezani chakula kikiwa kimeandaliwa, akatazama nani anasihi, nani anatisha, nani anageuza uso. Kikao cha nje kinafuata mantiki hiyohiyo. Masimulizi huja yamepangwa, kila mtu na upande wake. Njia panda haimpi mtu nafasi ya kujipanga.

Chukua familia ya kufikirika inayofanana na yenu. Mshauri amempa kijana ramani na kumwambia awaongoze wenzake hadi kwenye kijito. Wanafika mahali njia inapogawanyika. Kijana anasimama, anaigeuza ramani, anaigeuza tena. Baba anasogea na kuichukua mkononi mwake, bila neno. Kijana anaachia, mikono inaingia mfukoni, macho chini. Mama anamsogelea na kumnong'oneza, "Baba yako anataka kukusaidia tu." Mdogo anaanza kulalamika kwamba miguu inamuuma. Yote hayo hayafiki nusu dakika, na ndani yake mna mwaka mzima wa nyumba ile: baba anapokonya, kijana anazima, mama anatafsiri, mdogo anaumwa ili watu wageukie kwake.

Mshauri asiyejua kazi yake ataendelea kutembea na kusifia hewa safi. Anayejua atasimama. Atamwomba baba airudishe ramani na akae hatua mbili nyuma ya kijana. Atamwambia mama abaki na mdogo, asimweleze mtu yeyote maana ya mtu mwingine. Kisha watamwacha kijana achague, na pengine atakosea. Hapo ndipo pazuri. Njia isiyo sahihi haimkaripii mtu wala haikumbushi matokeo ya mtihani. Inaishia kwenye vichaka, basi. Kijana atageuka mwenyewe, na baba yake atakuwa ameshuhudia mwanawe akikosea na kujirekebisha bila hotuba. Baadaye, wakiwa wamekaa kwenye gogo kando ya kijito, mshauri atamuuliza baba, "Ulipoona anapotea, mkono wako ulitaka kufanya nini?" Atasema, "Kuichukua ramani." "Na ukafanya nini?" "Nikaushika kwa huu mwingine." Swali linalofuata ndilo kiini cha kikao: nyumbani, ni wakati gani mkono ule hutoka? Kijana yupo pale anasikia baba yake akijibu. Halazimishwi kusema chochote.

Ndiyo maana siwezi kukuahidi kwamba ataongea, na ningemtilia shaka mshauri anayeahidi hivyo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ubavu kwa ubavu ni rahisi kuliko uso kwa uso, hasa kwa wavulana wa umri huo. Mikono ikiwa na kazi, kimya hakimwaibishi mtu, na neno likija linakuja kwa sababu lina la kusema. Mara nyingi neno la kwanza linakuwa la kitu: "Jiwe hilo linateleza." Mama, usilidharau. Kama alimwambia baba yake, ni kwamba ametazama miguu ya baba yake na hakutaka aanguke. Mume wako ajibu "asante," aishie hapo. Akiongeza "ungekuwa makini hivyo na masomo yako," mtakuwa mmerudi chumbani.

Kijana aulizwe kabla. Msimpeleke kwa hila, kwa kumwambia mnaenda matembezi ya kawaida kisha akamkuta mshauri anasubiri chini ya mti. Achague kati ya sehemu mbili, ajue mapema kikao kitachukua muda gani, na awe na ruhusa ya kukaa kando pale anapoona yamemzidi. Pia aulizwe kama anaogopa kuonekana. Kwa kijana wa miaka 15, kukutwa na wanafunzi wenzake akiwa na wazazi na "yule mtu wa ushauri" ni jambo zito, na watu wazima hulisahau haraka mno.

Nawe nina neno lako, dada, na nakuomba ulipokee kwa moyo mwema. Murray Bowen, mwasisi mwingine wa taaluma hii, alieleza jinsi watu wawili wenye mvutano wanavyomvuta wa tatu katikati ili joto lipungue. Joto linapungua kweli, lakini ule mvutano unabaki palepale, kwa sababu hawana tena ulazima wa kukabiliana. Huyo wa tatu ni wewe. Umefanya hivyo kwa upendo na nyumba haijabomoka kwa ajili yako, ila kila ujumbe unaoubeba unawapunguzia haja ya kuongea. Chumbani si rahisi kukutoa katikati: viti ni vinne na wote mnasikilizana. Nje, umbali ni kitu cha kutembea. Mshauri anaweza kukuomba ukae nyuma sana na binti yako, mahali unapowaona wale wawili mbele lakini maneno yao hayakufikii. Utaona mkono wa mume wako unapanda, utaona mwanao anageuza uso, na miguu yako itataka kukimbia. Kuizuia ndiyo kazi yako siku hiyo, na pengine utarudi umechoka kuliko wao. Baada ya kikao mwambie mshauri jinsi ulivyojisikia. Hilo nalo ni sehemu ya tiba.

Binti yenu ana nafasi yake. Kuna zoezi ambalo washauri wengi wa nje hulitumia: kila mtu anaokota vitu vya kuwakilisha wanafamilia, mawe, vijiti, magamba, mbegu, na kuvipanga ardhini jinsi anavyoiona familia. Linakumbusha kazi ya Virginia Satir, aliyewapanga watu wenyewe chumbani kama sanamu ili ukaribu na umbali wao uonekane. Mtoto wa miaka 8 ambaye chumbani anachora pembeni wakubwa wakiongea, hapa anaweza kuwa ndiye anayesema ukweli kuliko wote. Anaweza kuweka mawe mawili makubwa yakiwa yamepeana mgongo, na kati yake jani ambalo upepo unalipeperusha kila mara, naye analirudisha kila mara. Mshauri mzuri hatamtafsiria. Atauliza, "Jani hili linahitaji nini?" na kumwachia mtoto ajibu. Kupanda na kutunza mimea ni njia nyingine. Inafaa zaidi familia iliyofiwa au inayopitia ugonjwa mrefu kwa sababu inakwenda polepole. Kwenu ningeanza na njia na ramani.

Kuhusu pumu: haizuii, ila ipangiwe. Zungumzeni na daktari wake kwanza, hasa kuhusu vitu vinavyomchokoza, iwe ni chavua, vumbi, hewa baridi au kukimbia. Dawa yake ya kuvuta ibebwe mwilini na mtu mzima mnayekubaliana, isiachwe kwenye gari. Mshauri awe ameona jinsi inavyotumika. Shughuli za kuwasha moto ziondolewe kabisa, moshi ni adui wa pumu. Na mwendo uwe wa mtoto huyo, maana familia inayomwacha nyuma mwenye pumzi fupi inafundishana jambo baya.

Mambo ya usiri yanataka makubaliano ya mapema. Mkikutana na mtu mnayemfahamu, mtasema nini? Watu wakipita karibu, nani ananyamaza kwanza? Mvua ikinyesha, mnaahirisha au mnarudi chumbani? Mtu akiumia, nani anapiga simu, na pale pana mtandao? Mshauri ambaye hana majibu ya maswali haya hajajiandaa kuwatoa nje. Muulize pia amejifunza wapi kazi hii ya nje, na kama anapata usimamizi wa mshauri mwenzake kwa ajili yake. Kuwa na leseni ya ushauri na kupenda milima ni vitu viwili, na kimoja hakizai kingine.

Kuna hali ambazo ningesema msitoke kabisa. Ikiwa kimya cha kijana kinatokana na kupigwa, kutishwa au kudhalilishwa, basi hata kikao cha pamoja chumbani kisubiri mpaka usalama wake uhakikishwe, kwa sababu atalipia nyumbani alichokisema msituni. Mshauri amwone peke yake kwanza na kumuuliza wazi. Vivyo hivyo kama kijana amewahi kusema kwamba hataki kuishi, au mna wasiwasi anajiumiza: hapo anahitaji msaada wa kitaalamu wake mwenyewe, tena haraka, kabla ya mambo ya ramani.

Na msichanganye haya na kambi za nyikani zinazouzwa kwa wazazi waliokata tamaa, ambako kijana hupelekwa mbali bila hiari yake ili "akanyooshwe." Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu programu za aina hiyo, ikaeleza mateso na vifo vya vijana. Inaniuma kila mzazi anaponiuliza kuzihusu, kwa sababu najua amefika hapo kwa uchungu. Pori likitumika kama adhabu, linamfundisha kijana kwamba wazazi wake wanaweza kumkabidhi kwa wageni. Tiba ya familia ya nje inafanya kinyume chake: mnakwenda pamoja na mnarudi pamoja, siku hiyohiyo.

Kati ya kikao na kikao, fanyeni kidogo, na msijigeuze washauri. Mtoke mara moja kwa wiki, siku na saa ileile ili isiwe jambo la kubembelezana. Msitu si lazima. Bustani yenye miti michache inatosha, au uwanja, au kando ya maji. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu 20,000 wa Uingereza, ulikuta kwamba waliopata walau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walieleza kuwa na afya njema na kuridhika na maisha zaidi ya wasiopata, iwe walizipata kwa mkupuo au kwa vipande. Msiifanye namba hiyo kuwa sheria ya nyumba. Kwa familia yenye mvutano kama wenu, dakika 40 zilizoisha vizuri ni bora kuliko saa mbili zilizoishia kwa kelele garini.

Kila wiki mmoja awe kiongozi, kwa zamu, na binti yenu ahesabiwe. Kiongozi anachagua njia na anaamua lini mnapumzika. Masomo, ada, simu na marafiki wa kijana havizungumzwi mkiwa nje, na sharti hili linambana baba kama linavyombana kijana. Simu zikae mfukoni, moja tu iwe hewani kwa dharura. Baada ya wiki chache, wape wale wawili kazi inayohitaji mikono minne: kubeba kitu kirefu, kunyoosha uzio, kuhamisha mche mkubwa. Wewe tafuta sababu ya kubaki nyumbani. Mmoja akija kukuuliza mwenzake alisema nini, mjibu kwa upole, "Muulize mwenyewe, yupo hapo nje."

Dalili ya kusonga mbele itakuwa ndogo, na haitafanana na upatanisho wa kwenye sinema. Wataanza kugombana moja kwa moja bila kukupitia wewe. Kwa nyumba yenu hiyo ni hatua, hata kama itakutisha.

Kuhusu mume wako, usimshawishi. Mashaka yake ni ya haki, naye ayapeleke kwa mshauri kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya kijana: tunatoka ili tubadilishe nini hasa, tutajuaje kimebadilika, na baada ya vikao vingapi tutakaa kupima kama tuendelee au turudi chumbani? Ningependekeza vinne. Mshauri aandike majibu, na kila mmoja wenu, hata mdogo, apewe nafasi ya kuongeza jambo moja analotaka yeye lipimwe.